Sura ya Tatu: Geuza Kimoja, Acha Viwili

Kamera nyingi za mtumba humfikia mwenyewe mpya gurudumu lake la juu likiwa limeelekezwa kwenye Auto, na mara nyingi halijawahi kutoka hapo tangu kamera ilipotolewa kwenye boksi. Auto ina kazi yake. Mtoto akishika kisu kukata keki, hakuna muda wa kufikiri. Unabonyeza, picha inapatikana. Shida inaanza pale unapotaka kujifunza. Kila ukibonyeza, kamera inapanga mambo matatu kwa mpigo bila kukuuliza: ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO. Picha ya kwanza ikitoka safi na ya pili ikatoka imeungua, huna njia ya kujua ni lipi kati ya hayo matatu limeleta tofauti. Unaweza kupiga picha elfu tano kwa mtindo huo ukabaki pale pale.

Kanuni ya sura hii ni moja: geuza kimoja, acha viwili, kisha tazama. Mazoezi yote yanafanyika nyumbani, barazani au kando ya barabara, kwa kamera yoyote yenye herufi M kwenye gurudumu, pale unapopanga yote matatu mwenyewe, na lenzi yoyote uliyonayo. Usiyasome tu kitandani ukaamini umeyaelewa. Weka kitabu pembeni, shika kamera, piga, halafu urudi kusoma aya inayofuata.

Daftari linalojiandika

Waliojifunza kazi hii enzi za mkanda walikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa na bei. Siku zile studio kama Capital Art ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ndizo zilizoweka kumbukumbu za arusi na familia za mji. Aliyetaka kujua kwa nini picha fulani ilifaulu ilimbidi aandike kwenye karatasi, kabla ya kubonyeza, tundu na kasi aliyotumia, kisha asubiri mkanda usafishwe. Jibu lilipokuja, mwanga ule ulikuwa umeshapita na swali lenyewe lilikuwa limeanza kusahaulika.

Mwaka 1975, mjini Rochester, Marekani, mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak aitwaye Steven Sasson aliunda kamera ya kwanza ya kidijitali inayobebeka. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6. Picha yake, isiyo na rangi, ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na kuiandika kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Kamera ya kawaida ya leo inaandika pikseli milioni 24 kabla hujapepesa jicho, na ndani ya faili lile lile inaandika pia tundu, kasi, ISO, lenzi, tarehe na saa. Taarifa hizo huitwa Exif. Kwenye kamera unazipata kwa kubonyeza kitufe cha INFO au DISP huku ukitazama picha. Kwenye kompyuta zimo katika sifa za faili.

Kwa hiyo mambo mawili yaliyomchelewesha mwanafunzi wa zamani, gharama ya picha na kuandika kwenye daftari, yameondoka. Lililobaki ni lako: kuiuliza kamera swali moja kwa wakati mmoja.

Kipimo kimoja kwa vyote vitatu

Tundu, kasi na ISO vinapimwa kwa namba zisizofanana hata kidogo, lakini wapigapicha wanazisoma zote kwa kipimo kimoja, stopu. Kupanda stopu moja ni kuifanya picha ing'ae maradufu. Kushuka stopu moja ni kupunguza kwa nusu.

Kwa kasi, hesabu iko wazi: 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000. Kila hatua shata inakaa wazi nusu ya muda wa hatua iliyotangulia. ISO ni rahisi zaidi: 100, 200, 400, 800, 1600, 3200. Tundu ndilo linalowachanganya watu, kwa kuwa namba zake zinakwenda 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na namba kubwa ni tundu dogo. Sababu ni kwamba namba ya f hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa lenzi kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwa f/2, tundu lake lina upana wa milimita 25. Ikiwa f/4, milimita 12.5. Upana umepungua nusu, lakini eneo la duara limepungua hadi robo, nazo ni stopu mbili. Stopu moja katikati yake ndiyo f/2.8. Huna haja ya kukokotoa njiani. Kariri mfululizo huo kama ulivyokariri meza ya mbili.

Kamera nyingi huhesabu kwa theluthi. Kigurudumu cha kubadilishia namba kikilia tik mara tatu, umesogea stopu moja kamili. Hiyo itakufaa gizani, pale usipoona namba.

Picha inataka jumla fulani ya mwanga, na jumla hiyo inalipika kwa njia nyingi. Elfu kumi ni elfu kumi, ulipe kwa noti moja, kwa mbili za elfu tano au kwa tano za elfu mbili. Vivyo hivyo f/4 kwa 1/250 na f/8 kwa 1/60 zinaleta mwangaza ule ule. Mchanganyo unaouchagua ndio unaoamua picha itaonekanaje, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa Auto.

Zoezi la kwanza: jua kali bila kuuliza kipimo

Ngoja siku ya jua lisilo na wingu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Weka gurudumu kwenye M. ISO 100, tundu f/16, kasi 1/125. Elekeza kamera kwenye kitu chochote kilichopigwa na jua moja kwa moja: ndoo, mlango, baiskeli iliyoegeshwa. Usijali kipimo cha mwanga kinasema nini. Piga.

Picha itatoka sawa au karibu sana na sawa. Hiyo ni kanuni iliyokuwa ikichapishwa hata ndani ya maboksi ya mikanda: kwenye jua kali, ukiwa f/16, kasi iwe moja gawanya kwa ISO. Inafanya kazi Tanga kama inavyofanya kazi Toronto kwa sababu jua ni taa moja, na mbingu zikiwa safi mchana, nguvu yake haibadiliki sana.

Sasa geuza kasi peke yake. Piga 1/60, halafu 1/30, kisha rudi upige 1/250 na 1/500. Zitazame tano kwa mfuatano. Unapofika 1/30, rangi ya ndoo imeanza kufifia na sehemu zilizokuwa nyeupe zimeungua, hazina tena alama yoyote ndani yake. Kwenye 1/500 vivuli vimejifunga kabisa. Macho yako sasa yanajua stopu moja inaonekanaje na stopu mbili zinaonekanaje, jambo ambalo maelezo ya kurasa kumi yasingekupa.

Kabla ya kuondoka, ingia kivulini, chini ya mwembe au kwenye ukumbi wa nyumba, na urudie zoezi kwa f/5.6. Kivuli kinachoona mbingu kwa kawaida kina upungufu wa karibu stopu tatu ukilinganisha na jua. Shika namba hizo mbili, f/16 juani na f/5.6 kivulini, na tayari una mahali pa kuanzia kwa sehemu kubwa ya mchana wa huku kwetu.

Zoezi la pili: vikombe vitatu

Tundu halipitishi mwanga tu. Linaamua pia ni sehemu gani ya picha itakuwa kwenye fokasi. Panga vikombe vitatu barazani, kivulini, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja dhiraa moja kutoka kwa mwenzake. Simama mita mbili kutoka kikombe cha katikati na ulenge hicho hicho kila mara. Weka ISO 400. Kama una lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, anza na f/2 kwa 1/3200, kisha f/4 kwa 1/800, f/8 kwa 1/200, na f/16 kwa 1/50, kamera ikiwa imeegemezwa kwenye stuli. Kila ukifunga tundu stopu mbili, kasi inalipa stopu mbili ili mwangaza usibadilike; unachochunguza bado ni kimoja, tundu. ISO inakaa.

Mwangaza wa picha zote nne unalingana. Kilichobadilika ni vikombe. Kwenye f/2 kikombe cha katikati kinasimama peke yake. Eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha sentimita kumi na kitu tu, na vile viwili vingine ni madoa laini. Kwenye f/8 vinaanza kujitambulisha, na kwenye f/16 vyote vitatu vinahesabika. Sasa unaelewa kwa nini picha ya maharusi wawili waliosimama mmoja mbele ya mwenzake hutoka bwana harusi akiwa na ukungu usoni. Fundi alifungua tundu kwa ajili ya bibi harusi na hapakubaki nafasi ya mtu wa pili.

Wenye lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, vuteni hadi 55. Hapo tundu kubwa kuliko yote kwa kawaida ni f/5.6, kwa hiyo nyuma hakutalainika sana. Dawa yake haidai fedha: sogea karibu na kikombe, na kikombe kikae mbali na ukuta. Umbali unafanya kazi kubwa sawa na tundu. Wala usiamini kwamba tundu dogo kuliko yote ndilo linaloleta picha kali kuliko zote. Kwenye f/22 mwanga unaopenya tundu dogo hujisambaza kingoni mwake, na picha nzima inapoteza ukali kidogo. Ndiyo maana wengi husimamia f/8 au f/11 wanapotaka kila kitu kionekane.

Zoezi la tatu: kijiwe cha bodaboda

Omba ruhusa kwa vijana wa kijiwe, waambie unajifunza, na usimame mahali salama kando ya barabara. Zoezi hili lifanye saa kumi na moja na nusu jioni au siku ya mawingu. Jua la saa saba halitakuruhusu kushuka chini ya 1/60 hata ukiziba tundu hadi f/22.

Anza na 1/1000. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa husafiri kama mita 11 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya muda huo imesogea sentimita moja tu. Picha inaikamata ikiwa imegandishwa, spoku za gurudumu zinahesabika, na mtazamaji asiyejua anaweza kudhani imeegeshwa. Shuka hadi 1/250, halafu 1/60, halafu 1/30, ukifunga tundu kulipia. Kwenye 1/30 pikipiki ile ile imesogea sentimita 37 shata ikiwa wazi, nayo inakuwa mstari wa rangi unaopita mbele ya duka lililotulia.

Rudia 1/30 kwa namna nyingine. Mkamate dereva kwenye kioo angali mbali, geuza kiuno umfuate kwa mwendo wake, bonyeza anapopita mbele yako na uendelee kugeuka hata baada ya shata kufunga. Ukifanikiwa, dereva na abiria wake wanabaki wazi na duka ndilo linalokuwa mistari. Picha nyingi za mwanzo zitaharibika, na hilo ni la kawaida hata kwa wapigapicha wa magazeti. Wanachofanya wao ni kupiga nyingi na kuchagua moja.

Kasi ina jambo jingine linalowakuta wapigapicha kumbini. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, haraka mno kwa jicho kugundua. Kamera inagundua. Ukipiga 1/500 chini ya taa za LED za bei nafuu, utapata picha moja ya njano na nyingine ya kijani, au michirizi ya giza inayokata uso wa mtu. Shuka hadi 1/100 au 1/50, ili shata ikae wazi kwa mzunguko mzima wa taa, na sehemu kubwa ya tatizo inaondoka.

Zoezi la nne: chenga

Usiku, sebuleni, weka kamera juu ya meza ikitazama kitu kisichotembea, tuseme rafu ya vyombo. Tundu f/4. Piga ISO 400 kwa 1/8, ISO 800 kwa 1/15, ISO 1600 kwa 1/30, ISO 3200 kwa 1/60, na ISO 6400 kwa 1/125. Taa yako ikiwa kali au hafifu zaidi, sogeza namba za kasi zote kwa pamoja. Kuza kila picha kwenye kompyuta hadi pikseli zake zionekane. Utaziona chenga zikiongezeka, kwanza kwenye vivuli, kisha kwenye rangi moja iliyotandazwa kama ukuta.

Ni rahisi kusema ISO ndiyo iliyoleta chenga. ISO inakuza tu kile ambacho kihisi kimepokea. Mwanga wenyewe hufika kwa chembe zisizo na mpangilio, na chembe zikiwa chache, tofauti kati ya pikseli na jirani yake inakuwa kubwa kulinganisha na picha yenyewe. Chenga nyingi ni alama ya mwanga mdogo. Kwa hiyo kushusha ISO bila kuongeza mwanga kokote hakuisafishi picha. Kunaitia giza tu, na ukija kuing'arisha baadaye, chenga zinajitokeza vile vile.

Sasa mwite mtu akae karibu na rafu, azungumze kama kawaida. Shika kamera mkononi, piga ISO 400 kwa 1/8 na ISO 3200 kwa 1/60. Ya kwanza haina chenga, na pia haina uso: macho yametoka mawili mawili. Ya pili ina chenga na ina mtu. Picha yenye chenga inasafishika kwa programu, tena ikichapishwa ukubwa wa kadi chenga hazionekani. Iliyotikisika haina fundi. Ukitilia shaka gizani, panda ISO.

Zoezi la tano: kanzu na buibui

Hili ndilo zoezi lenye faida kuliko yote, na ndilo linaloeleza kwa nini watu wengi wa huku hutoka vibaya kwenye picha.

Tundika kanzu nyeupe kwenye kamba, kivulini. Kando yake tundika buibui jeusi. Weka gurudumu kwenye Av kama ni Canon, au A kama ni Nikon au Sony, ili wewe uchague tundu na kamera ichague kasi: f/5.6, ISO 200. Sogea hadi kanzu ijaze fremu yote, piga. Kisha buibui nalo lijaze fremu, piga. Tazama. Kanzu imetoka ya kijivu kama imefuliwa kwa maji ya mtaro. Buibui nalo limetoka la kijivu, limechakaa.

Fungua taarifa za picha zile mbili. Kwa mfano, kanzu imepigwa kwa 1/800 na buibui kwa 1/50. Tofauti ni stopu nne, ilhali vitu vyote viwili viko kamba moja, kivuli kimoja, dakika moja. Kamera haijui kanzu ni nini. Inapokea mwanga uliorudi kutoka kwenye kitambaa, na imefundishwa kudhani kwamba kila kinachowekwa mbele yake, kwa wastani, kina mng'ao wa kijivu cha kati. Cheupe kikiirudishia mwanga mwingi, inaupunguza. Cheusi kikiurudisha kidogo, inauongeza. Imetii kanuni yake na imekosea mara mbili.

Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa kanzu, ongeza +1, kisha theluthi moja moja hadi weupe urudi bila kuungua. Mara nyingi utaishia kabla ya +2. Kwa buibui, punguza vivyo hivyo. Halafu geuza M, weka namba ya katikati, 1/200 kwa mfano wetu, na upige vyote viwili bila kugusa kitu. Vyote vinatoka na rangi yake halisi, kwa kuwa mwanga unaoviangukia ni mmoja. Hapo ndipo wengi wanapoacha kuiogopa M: mwanga usipobadilika, namba nazo hazina sababu ya kubadilika, hata maharusi wakisimama mmoja mmoja, mmoja kwa gauni jeupe na mwenzake kwa suti nyeusi.

Peleka somo hili usoni. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta wa chokaa, ukuta unaijaza kamera mwanga, kamera inapunguza, na uso unabaki kivuli chenye meno. Suluhisho ni +1 au zaidi, au kupima mwanga usoni kwa karibu kisha kuzishika namba hizo katika M. Uso huo huo ukijaza fremu yote, kamera inaongeza mwanga hadi ngozi inapauka, nawe utahitaji kupunguza. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika utafiti wake wa mwaka 2009, aliandika kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu kuboreshwa kwa rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, walioona bidhaa zao hazitoki sawasawa kwenye matangazo. Vihisi vya leo vina uwezo mkubwa kuliko filamu zile. Kukisia kijivu, hata hivyo, bado kuko ndani ya kamera, na wa kuisahihisha ni wewe.

Usiihukumu picha kwa kioo cha kamera ukiwa juani, maana mchana kila picha huonekana nyeusi na usiku kila picha huonekana inang'aa. Itazame histogramu, ule mchoro wa mlima: kushoto ni giza, kulia ni mwanga. Mlima ukibanana na ukuta wa kulia, kuna sehemu imeungua, na kwenye kidijitali kilichoungua hakirudi. Kupiga RAW, faili ghafi la kihisi, badala ya JPEG ya kawaida kunakupa nafasi zaidi ya kurekebisha: JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Hata hivyo RAW nayo ina mwisho wake.

Zoezi la sita: jioni yetu fupi

Vitabu vingi vya upigapicha vimeandikwa na watu wa nchi za mbali na ikweta, nao husifu saa nzima ya mwanga wa dhahabu kabla ya machweo. Huku jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo likiwa nyuzi sita juu ya upeo wa macho umebakiwa na dakika kama 25. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:13 na saa 12:48 jioni kutegemea mwezi, na giza linafuata upesi.

Weka kamera kwenye stendi ikitazama upande mmoja, saa moja kabla ya machweo. M, namba zisizoguswa, na mizania ya rangi iwekwe kwenye alama ya jua, kwa sababu ikiachwa Auto kamera itajitahidi kuiondoa dhahabu unayoitafuta. Piga picha kila dakika tano hadi nusu saa baada ya jua kuzama. Picha za mwanzo zitafanana sana. Kisha zitaanza kuanguka, stopu nzima kila baada ya dakika chache, na utajua kwa nini arusi iliyochelewa robo saa imekosa picha zake za ufukweni.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mchana. Mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba jua la Dar es Salaam hupita utosini kabisa, na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Namba yoyote kwenye kamera haitalitibu hilo. Mhamishie mtu barazani, uso wake ukielekea nje. Ukuta mweupe wa nyumba ya mbele utamrudishia mwanga laini kuliko taa nyingi za dukani.

Wenye simu tu

Simu nyingi zina sehemu ya Pro inayokupa kasi na ISO. Tundu la simu kwa kawaida halibadiliki, kwa hiyo zoezi la vikombe halitakufaa, na lile laini la nyuma unaloliona kwenye simu hutengenezwa na programu. La ndoo juani litakulazimu kutafuta kasi yako mwenyewe; la bodaboda lilipie kwa ISO badala ya tundu; la chenga, la kanzu na la jioni yanafanyika bila kujali namba ya tundu.

Kisia kwanza

Ukimaliza mazoezi sita, anza tabia moja na uidumishe. Kila unapofika mahali, kabla ya kuwasha kamera, taja kwa sauti namba tatu unazodhani zinafaa. Jikoni mchana, dirisha likiwa wazi: ISO 800, f/4, 1/60? Stendi ya basi jioni? Ndani ya msikiti au kanisa? Kisha weka namba hizo, piga, tazama histogramu, na uhesabu umekosa kwa stopu ngapi na upande gani. Wengi hugundua wanakosa upande mmoja siku zote, hasa ndani ya nyumba, kwa kuwa macho hulizoea giza na kulidharau. Ukishaujua upande wako, unausahihisha kichwani kabla ya kugusa kigurudumu.

Makisio yako yakianza kuangukia ndani ya stopu moja katika vyumba vyote vya nyumba yako, mchana na usiku, umemaliza sura hii. Kabla ya hapo usinunue flashi, maana itakuongezea namba ya nne ilhali zile tatu bado zinakusumbua. Baada ya hapo inunue, na tuendelee na sura ya nne.